Dakika ya Kumi na Tano

Szeged, Januari. Mto Tisza umeganda kingoni,
na mimi Etelka, fundi wa maabara, mwaka wa ishirini na sita kazini,
nazinyima seli oksijeni kwa makusudi.

Trei tatu, aina tatu, zote za ubongo wa panya.
Si zile zinazofikiri. Hizo zina wenyewe,
zina maprofesa na mikutano ya Vienna.
Hizi ni zile zinazobeba:
nyota zenye miguu mirefu, zinazolisha na kufagia;
walinzi wadogo, wapapasaji wa gizani;
na wafungaji, wanaozungushia nyaya mafuta
kama baba alivyofunga mabomba kwa matambara
kabla baridi haijayapasua.

Kila mmoja ana kimeng'enya kile kile
kimekaa kimya, mikono mapajani.
Shida ikibisha, mwenzake hukibandika fosfeti,
kitu kidogo, kama stempu,
na barua huondoka.
Kwenda wapi? Hapo ndipo ninapolipwa mshahara.

Dakika ya tano, filamu nyeupe.
Dakika ya kumi na tano walinzi wamejikunja, wamenenepa,
mstari wao mweusi kama nyusi iliyopandishwa.
Nyota zinasita. Zitawaka baadaye,
na zikiwaka hazijui kuzima:
saa sita, kesho, keshokutwa, bado.
Wafungaji hawapigi kelele.
Wanaachia tu.
Asubuhi unakuta mafuta yanaelea.

"Ishara moja," Profesa Bánkuti hugonga kalamu mezani,
"kwa nini majibu matatu?"
Simjibu.
Nimetoka nyumba ya watoto watatu.

Mama alipoanguka jikoni, supu ya samaki ikiwa motoni,
tulipigiwa simu kwa maneno yale yale,
kwa sauti ile ile ya jirani yetu, mjane wa mhunzi.
Boglárka alifika upesi kuliko gari la wagonjwa,
akagombana na daktari, na muuguzi, na mlango.
Alimwokoa, lazima niseme.
Kisha akashindwa kuacha kugombana.
Ödön alikuja Jumapili, hakusema neno,
akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo.
Mwaka wa tatu huu, anaosha.
Na mimi?
Mimi nilikuwa hapa, nikihesabu dakika za panya,
na kitu ndani yangu kikaachia polepole
hata mlio wa kijiko ndani ya kikombe
ukanifikia mfupani, bila chochote katikati.

Lakini mama si trei.
Naliandika hili pembeni mwa daftari, kwa penseli,
kisha nalifuta, kwa sababu daftari ni mali ya chuo.

Usiku huu tuna dawa mpya: inazuia stempu isibandikwe.
Nimeidondosha katika nusu ya visima.
Walinzi wakatulia, wakanyoosha vidole vyao tena,
na mimi nikacheka peke yangu, nusu saa nzima,
nikala tufaha lote na kokwa zake.
Halafu nikatazama nyota.
Zimetulia nazo. Zimetulia mno.
Taka zimezizunguka, hazifagii.
Ile niliyoidhani kengele kwa mmoja
kwa mwingine ilikuwa ufagio.

Waliosema dawa ya moto ni moto
hawakutuambia moto wa nani.

Naandika: kisima cha nne, safu ya pili, rudia.
Navua glavu. Vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo.
Nje, mtu wa manispaa anamwaga chumvi barabarani,
na tramu ya kwanza inapita tupu, taa zote zinawaka.

Saa kumi na moja alfajiri nampigia Boglárka.
Sina la kumwambia hasa.
Anapokea kabla ya mlio wa pili,
pumzi juu juu, viatu tayari miguuni:
"Nani? Wapi? Nakuja."